Kikohozi kisichoisha na mbavu zinazouma kwa mwenye pumu: maswali na majibu

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Mbeya, Njombe, Makete na Mufindi huwatesa sana wenye pumu. Wanakohoa usiku kucha, na baada ya siku kadhaa mbavu nazo zinaanza kuuma. Wengi huhangaikia mbavu na kukisahau kikohozi, nami naona hapo ndipo tunapopotea njia.

Nina pumu tangu utotoni. Nimekohoa wiki tatu sasa, na mbavu za kushoto zinauma nikikohoa, nikicheka, hata nikijigeuza kitandani. Je, pumu imefika kwenye mbavu?

Pole sana. Hapana, pumu ni ugonjwa wa njia za hewa, haihamii kwenye mfupa. Kinachouma mara nyingi ni misuli iliyo kati ya mbavu. Kila unapokohoa inajikaza kwa nguvu, na ikifanya hivyo mamia ya mara kwa siku inachoka na kuumia, kama mikono ya mtu aliyelima kutwa baada ya miezi bila kushika jembe. Maumivu ya namna hii unaweza kuyaonyesha kwa kidole, na ukibonyeza hapo yanazidi.

Wakati mwingine ubavu wenyewe hupata ufa kwa sababu ya kukohoa. Walio katika hatari zaidi ni wanawake waliokwisha koma hedhi na watu waliomeza vidonge vya prednisolone, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, kwa muda mrefu, kwa kuwa mifupa yao huwa dhaifu. Ufa mdogo unaweza usionekane kwenye picha ya eksirei, kwa hiyo ukiambiwa picha ni safi usidhani umetunga maumivu. Misuli huchukua siku hadi wiki chache kupona, ufa huchukua wiki 6 au zaidi. Ila hakuna kitakachopona vizuri kikohozi kikiendelea.

Mbona kikohozi hakiishi, na inhela ya bluu naivuta kila siku?

Hilo ndilo swali lenyewe. Inhela, yaani kile kikopo cha kuvutia dawa mdomoni, ikiwa ya bluu huwa na sabutamol. Inalegeza njia za hewa zilizobana, unapata nafuu kwa saa 4 hadi 6, kisha basi. Uvimbe ulio ndani ya njia hizo haiugusi, na uvimbe ndio unaokufanya ukohoe, hasa usiku na alfajiri. Dawa ya uvimbe ni inhela nyingine yenye steroidi, kwa mfano beklometasoni, na hiyo huvutwa kila siku hata siku unazojisikia mzima. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa sabutamol peke yake. Ukiihitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au ukiamshwa usiku na kifua, pumu yako haijadhibitiwa. Rudi kliniki ukaulizie dawa ya kila siku.

Najua wapo wanaoiogopa wakisema inhela "inazoesha". Haizoeshi. Kipimo chake ni kidogo na kinakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Sukutua mdomo kwa maji ukimaliza ili usipate utando mweupe mdomoni.

Tazama pia unavyovuta. Tikisa, toa pumzi, anza kuvuta taratibu huku ukibonyeza, kisha zuia pumzi kama sekunde 10. Wengi hubonyeza dawa ikaishia kwenye ulimi. Ikikushinda, chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, toboa tundu kwenye kitako linalobana mdomo wa inhela, halafu vutia kwenye shingo ya chupa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya aina hiyo huwasaidia watoto wenye pumu vizuri tu.

Haiwezi kuwa kifua kikuu?

Inaweza, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinatosha kupeleka makohozi kupimwa; matibabu ya kifua kikuu hayalipiwi. Usisubiri kabisa ikiwa unapungua uzito, unatoka jasho usiku, au umefanya kazi migodini, tuseme Chunya, maana vumbi la mawe huyadhoofisha mapafu. Mtajie pia mhudumu dawa zako za presha: enalapril, lisinopril na captopril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu.

Ninywe dawa gani ya maumivu?

Parasetamo. Mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Aspirini, ibuprofen na diklofenaki huamsha pumu kwa baadhi ya watu, kwa hiyo mwambie muuzaji wa duka la dawa kwamba una pumu kabla hajakupa chochote.

Mama amejifunga kanga kifuani, anasema inamsaidia. Tumwache?

Mwombeni kwa upole aifungue. Kifua kikibanwa, hewa haifiki chini ya mapafu, makohozi yanatuama, na nimonia hupata mwanya. Akumbatie mto na kuukandamiza pale panapouma kila anapokohoa. Kila saa avute pumzi ndefu mara kadhaa, hata kama inauma kidogo. Chale za kichomi haziponyi chochote, na zinaweza kuleta maambukizi.

Nikimbilie hospitali lini?

Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, ukikohoa damu, ukipata homa pamoja na kichomi, au maumivu makali yakija ghafla upande mmoja na pumzi ikakata. Vivyo hivyo maumivu ya kubana katikati ya kifua yanayoelekea mkononi au tayani. Mkiwa njiani, mgonjwa aliyebanwa na pumu avute sabutamol mpulizo mmoja mmoja, 4 hadi 10, kwa ile chupa.

Baridi ya Makete tutaivumiliaje bila jiko la mkaa chumbani?

Jiko la mkaa lisilale chumbani hata kidogo. Moshi wake huchokoza pumu, na gesi yake isiyo na harufu huua watu wakiwa usingizini. Pasha chumba mapema mlango ukiwa wazi, litoe nje kabla ya kulala, ongezeni mablanketi. Asubuhi ukitoka, funika pua na mdomo kwa skafu ili hewa ipate joto kabla ya kuingia. Wanaofanya kazi kwenye viwanda vya mbao Mafinga na wanaopukuchua mahindi wajifunike hivyo hivyo, lakini kwa barakoa inayobana vizuri, kwani skafu haizuii vumbi laini.