Beringi za shingo ya pikipiki: kwa nini kukaza nati hakutoshi

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, inua tairi la mbele lisiguse chini, kisha shika usukani kwa vidole viwili uuzungushe polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Unatakiwa uende laini mpaka mwisho. Kwenye bodaboda nyingi za zamani hapa Mtwara, usukani ukifika katikati unanasa, na lazima uusukume ndipo utoke. Hapo beringi za shingo zimekufa, hata kama pikipiki inakimbia vizuri na dereva wake ameshaizoea.

Shingo ni lile bomba fupi lililo mbele ya fremu. Ndani yake inapita fimbo ya chuma inayounganisha usukani na shokapu mbili za mbele, na fimbo hiyo inashikwa na beringi mbili, moja juu ya shingo na moja chini. Kwa pikipiki za zamani beringi hizo huwa ni gololi tupu, zikiviringika kati ya vikombe viwili vya chuma kigumu: kimoja kimepigwa ndani ya shingo, mwenzake anakaa kwenye fimbo. Ya chini ndiyo inayopokea kila kishindo cha tairi la mbele, na kwa kawaida ndiyo hutangulia kufa.

Kinachoua beringi hizi ni kutulia kwake, na hili ndilo wengi hawalioni. Beringi ya tairi inazunguka safari nzima, kwa hiyo kila gololi inapokea mzigo kwa zamu na grisi inajipaka upya. Ya shingo haipati zamu. Toka Mtwara mjini, pita Tandahimba na Newala mpaka ufike Masasi: usukani utakuwa umegeuka kidogo tu huku na huku, kwa sababu kwenye mwendo kona hukatwa kwa kuilaza pikipiki zaidi ya kugeuza usukani. Muda wote huo gololi zilezile zimekaa palepale zikigongwa na kila shimo na kila tuta. Grisi inabanwa ikahamia pembeni, hakuna mzunguko wa kuirudisha, chuma kinakutana na chuma, na kila gololi inajichimbia kidimbwi chake.

Ukifungua kikombe cha chini ukakifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, utaviona: alama fupi zilizopangana kwa duara, nafasi sawa kati ya moja na nyingine, mara nyingi na unga mwekundu wa kutu pembeni. Pitisha ukucha, unakwama kwenye kila moja. Vyote vimejipanga pale ambapo gololi hukaa usukani ukiwa umenyooka.

Huku kwetu pwani kuna na la ziada. Pikipiki inayobeba samaki kutoka Mikindani, au chumvi kwenye mashamba ya Lindi, inachuruzikiwa maji ya chumvi, kisha jioni inaoshwa kwa mashine ya presha na mpira unaelekezwa moja kwa moja kwenye shingo. Maji yakishaingia hayana haraka ya kutoka.

Sasa dawa iliyozoeleka ni kukaza nati ya kurekebishia, ile ya juu ya shingo inayobana beringi. Kama shida ni kulegea tu, yaani ukivuta shokapu mbele na nyuma unasikia zinacheza, au ukishika breki ya mbele kwenye mteremko wa Newala kuelekea Masasi kuna mgongano chini ya usukani, na vikombe bado ni vizima, kukaza ni sahihi. Lakini vidimbwi vikishachimbika, kukaza kunazikandamiza gololi ndani ya mashimo yaleyale. Mchezo unaisha, fundi analipwa, na pikipiki inakuwa ya hatari zaidi kuliko ilivyoingia. Mwendo mdogo kwenye mchanga unahitaji usukani urekebishwe kidogo kidogo bila kukoma. Usukani unaonasa katikati haukubali marekebisho madogo, basi pikipiki inayumba kama ya mlevi. Weka na magunia ya korosho nyuma, mbele pakawa pepesi, uone watu wa barabarani wanavyokukwepa.

Dawa ni kubadilisha, na kubadilisha maana yake ni gololi pamoja na vikombe vyote, juu na chini. Gololi mpya kwenye kikombe chenye mashimo ni pesa ya bure. Vikombe vya zamani hutolewa kwa kugongwa kutoka upande wa pili, pole pole, huku na huku ili visiende upande. Kile cha kwenye fimbo ndicho kinachosumbua, kinahitaji tindo na subira. Vipya vinavyoingia ndani ya shingo vilaze usiku kucha kwenye friza la samaki la jirani, vinasinyaa kidogo na kuingia kwa urahisi. Tumia kikombe cha zamani kama kigongeo, usiguse njia ya gololi kwa nyundo. Paka grisi nyingi, panga gololi zijae duara kisha acha nafasi ya karibu gololi moja ili zisisuguane. Zikipatikana beringi za rola za kipimo chako, yaani zenye vipande vya chuma virefu vya mviringo badala ya gololi, mimi ningechukua hizo: rola inagusa chuma kwa mstari, gololi kwa nukta, kwa hiyo kishindo kinatawanyika.

Mwisho ni kukaza kwa kipimo, na hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Kaza nati ya kurekebishia ili vikombe vikae, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mara kadhaa, legeza, kisha rudisha taratibu mpaka mchezo uishe tu. Funga nati kubwa ya juu halafu upime upya, kwa sababu nayo huongeza mkazo. Tairi likiwa juu, usukani ukisukumwa kidogo kutoka katikati uanguke wenyewe upande huo. Usipoanguka, angalia kwanza kama waya za breki na klachi haziuvuti, kisha legeza kidogo. Baada ya kilomita mia chache vikombe vipya huwa vimejikalia, kwa hiyo rudi kwa fundi akupimie tena mchezo.