Kapasita, mota na kidude cha "kuokoa umeme"

Kuna vidude vinauzwa mitaani na mitandaoni: unachomeka kwenye soketi, kitaa kinawaka, na muuzaji anaapa kuwa uniti za LUKU zitadumu maradufu. Ukivifungua, vingi vina kapasita ndogo (kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi kisha kuirudisha) na hicho kitaa, basi. Kapasita yenyewe haina kosa, kiwandani inafanya kazi ya maana. Kosa ni kumuuzia mwenye LUKU.

Umeme wa majumbani ni wa AC, mkondo geu. Kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, mzunguko mmoja hukamilika kila milisekunde 20. Volti 230 tunazozitaja si kilele. Kilele hufika 325 hivi, ila joto linalopatikana ni sawa na la volti 230 za betri.

Kwenye pasi, mkondo hupanda na kushuka sambamba na volti. Kwenye mota hauendi hivyo. Usumaku wa koili hupinga kila badiliko, mkondo ukachelewa nyuma ya volti, na sehemu ya nishati huingia kwenye koili kisha ikarudi kwenye laini bila kufanya kazi yoyote.

Chukua mota ndogo ya mashine ya kusaga. Mita ya kubana waya inasoma ampea 10 kwa volti 230. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzidisha haraka, akaandika wati 2,300. La, hizo ni VA (volti-ampea), yaani volti mara ampea tu, bila kuangalia kama mkondo umechelewa. Kama pawa fakta ya mota, yaani sehemu ya VA inayokuwa wati halisi (cos φ kwenye kibao chake), ni 0.7, wati halisi ni 1,610, na ampea 7 zingetosha. Zilizozidi zinapasha waya moto tu.

Mkondo wa kapasita hutangulia volti, kinyume cha ule wa mota, kwa hiyo unafidia ucheleweshaji. Funga kapasita ya mikrofaradi 67 sambamba na mota hiyo, na waya unaotoka kwenye laini utasoma ampea 7.4 hivi. Ukibana waya wa mota yenyewe, bado ni 10: nishati sasa inabadilishana baina ya koili na kapasita, haisafiri tena hadi transfoma.

Kiwanda kinachotozwa na TANESCO kwa kVA (maelfu ya VA) hunufaika hapo. LUKU huhesabu kilowati-saa, na wati ni zile zile 1,610, kapasita iwepo isiwepo. Tena nyumbani vifaa vinavyokula umeme mwingi, kama hita ya kuogea, jiko na pasi, mkondo wake hauchelewi, kwa hiyo hakuna cha kusahihisha.