Je, mahakama inaweza kufukua upya ilichokwisha kuamua kuhusu mtoto?

Jaji ameamua kwamba baba ndiye aliyemvunja mtoto mbavu. Mtoto akapelekwa kwa walezi wengine, na muda wa rufaa ukapita. Miaka mitatu baadaye anazaliwa mdogo wake, na maofisa wa ustawi wa jamii wanarudi mahakamani na hukumu ileile mkononi. Baba anasema: safari ile mlikosea. Yuko wa kumsikiliza?

Katika kesi nyingi za madai asingesikilizwa, maana jambo lililokwisha kuamuliwa baina ya watu walewale halirudiwi. Kesi za kulinda watoto ni tofauti kidogo. Tuitazame sheria ya Uingereza na Wales, ambako majaji wamelijadili suala hili kwa miaka mingi.

Kwanza, uamuzi wenyewe hupatikanaje? Hapa hakuna kuthibitisha pasipo shaka kama kwenye jinai. Inatosha ionekane kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba jambo lilitokea kuliko kwamba halikutokea. Mwaka 2008 Lord Hoffmann, jaji wa mahakama ya juu kabisa ya huko, alilieleza kwa sifuri na moja: likithibitishwa, linahesabiwa lilitokea, lisipothibitishwa, halikutokea. Katikati hakuna kitu. Maana yake, asilimia 51 ya leo kesho inasomwa kama 100, na juu ya hiyo 100 hujengwa kila kinachofuata: nani amwone mtoto, nani awepo wakionana, mdogo wake aachwe nyumbani au naye achukuliwe. Kosa likiwa pale chini, linarithiwa na mtoto ambaye hata hakuwa amezaliwa.

Ndiyo maana mlango haukufungwa kabisa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mahakama ya familia yenyewe ina mamlaka ya kupitia upya ilichokiamua, si lazima mtu aende juu. Kazi hiyo ina hatua tatu: jaji huamua kama jambo lifunguliwe, kisha lifunguliwe kwa upana gani, na mwisho ndipo ushahidi usikilizwe. Wanaoomba hukwama zaidi kwenye ile ya kwanza. Lazima kuwe na sababu thabiti za kuamini kwamba uamuzi wa zamani unahitaji kuangaliwa tena. Kubahatisha na kutumaini hakutoshi. Ripoti mpya ya kitabibu kuhusu mifupa ina uzito. Kurudia hoja zilezile kwa wakili mpya hakuna. Jaji hupima pia ucheleweshaji, kwa sababu miezi sita kwa mtoto wa mwaka mmoja ni nusu ya maisha yake.

Ila kufunguliwa kwa uamuzi hakumrudishi mtoto nyumbani, na hapa ndipo sheria inapouma. Katika kesi moja ya Norfolk, watoto watatu waliasiliwa, yaani walifanywa kisheria kuwa watoto wa familia nyingine, mwaka 2005, baada ya mmoja wao kukutwa na mifupa iliyovunjika. Baadaye wataalamu walisema huenda ilivunjika kwa kiseyeye, yaani upungufu wa vitamini C, wala si kwa kupigwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ilikataa kufuta amri za kuasili: zilitolewa kihalali, muda ulikuwa umepita, na watoto walishazoea makwao mapya. Mtoto wa nne, aliyezaliwa baada ya wenzake kuondoka, alibaki na wazazi.