Wapenzi watoro si wapenzi wakimbizi

Ingia laibrari ya muvi pale Kariakoo, toa fleshi, omba ujaziwe "zile za jamaa na demu wake wanasakwa na polisi". Ukibahatika kuelewana na muuzaji, utapewa mzigo ulioandikwa "Wapenzi Wakimbizi". Msimulizi aliyeingiza sauti naye atalirudia neno hilo kila gari linapochomoka kwa kasi: wakimbizi wetu hao! Kutoka vibanda umiza neno limehamia kwenye maelezo ya video mitandaoni, na washereheshaji wa harusi nao wakaongeza lao, wanawaita maharusi "Bonnie na Clyde wa Tabata", kwa majina ya wale wapenzi wahalifu wa Marekani wa miaka ya 1930, tena kwa nia ya kuwasifu. Yote mawili ni makosa. La kwanza linaudhi zaidi, kwa sababu Kiswahili tunakijua.

Jina sahihi ni wapenzi watoro, na maana yake ni fupi. Filamu ya wapenzi watoro ni filamu ya uhalifu ambamo watu wawili wanaopendana wamevunja sheria, wote wawili, wanasakwa na hawana pa kurudi. Kinachoisukuma hadithi ni ule utoro wao. Wizi ni wa kununulia mafuta ya gari. Basi.

Sasa tulishike neno. Kitenzi ni kukimbia, na Kiswahili kimekizalia watu wawili wasiofanana. Mkimbiaji ni Filbert Bayi, aliyemaliza mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akaweka rekodi ya dunia. Mkimbizi ni mtu aliyeondoka kwao kwa kuhofia maisha yake, akavuka mpaka kutafuta hifadhi. Shina moja, kiambishi tamati tofauti, watu mbalimbali kabisa. Hakuna anayesema wakimbizi wa mbio za Kilimanjaro, hata mtoto hakosei hapo. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akikaa mbele ya runinga, anamwita mkimbizi mtu aliyempiga risasi askari na kutokomea na gari la wizi.

Katika nchi hii neno hilo si la kuchezea. Tuna Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Tuna kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea watu waliotoka Kongo. Na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951 unaoeleza mkimbizi ni nani, Ibara ya 1, kipengele F, unamtoa waziwazi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba ametenda kosa kubwa la jinai, lisilo la kisiasa, kabla ya kuingia nchi anayoomba hifadhi. Kwa lugha ya mtaani: ukipora, ukaua, kisha ukavuka mpaka, hujawa mkimbizi, umetoroka. Sheria ilishawatenganisha hawa wawili zamani. Waliobaki kuwachanganya ni waandika majalada ya muvi.

Kuna tofauti nyingine ambayo haimo kwenye sheria, imo ndani ya lugha yenyewe. Mkimbizi ana anakokwenda. Ukisikiliza vizuri utaona kitenzi chake hasa ni kukimbilia: anakimbilia mpakani, kambini, kwa ndugu. Ndiyo maana lipo neno kimbilio. Mtoro hana torokeo. Anachojulikana nacho ni alikotoka: katoroka shule, katoroka jeshi, katoroka gerezani, katoroka chini ya ulinzi. Muulize mtoro anakwenda wapi, hata yeye hajui vizuri, na filamu nzima ya aina hii imejengwa juu ya kutojua huko.

Tazama pia watu tunaowaita watoro. Mwanafunzi, askari, mahabusu. Kila mmoja ana daftari mahali fulani lenye jina lake: la mahudhurio, la kikosi, la gereza. Pasipo daftari hakuna mtoro. Mtu aliyehama mtaa usiku kwa sababu amechoka nao hajatoroka, mpaka mwenye nyumba aseme anamdai kodi ya miezi mitatu. Hapo ndipo neno linapoingia.

Na hapa pwani neno lilikuwa zito kuliko utoro wa darasani. Katika karne ya 19 watumwa waliowaponyoka mabwana zao waliitwa watoro, na walikuwa na makazi yao: Fuladoyo, bara ya pwani ya Kenya ya leo, na wengine wengi walipata ulinzi Witu kwa Sultani Ahmed, yule aliyeitwa Simba. Aliyeliandika jina hilo la mtoro ni bwana, kwa kuwa aliona mali yake imepungua. Aliyeondoka alijiona mtu huru. Neno moja, hesabu mbili. Wala halikuwa tusi tu, maana watu walipewa jina hilo kihalali: Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, na hakuna aliyemwuliza katoroka wapi. Sisemi mporaji wa kituo cha mafuta anafanana na mtumwa aliyejikomboa. Nasema neno letu linabeba macho ya anayefukuza na ya anayefukuzwa kwa pamoja, na hivyo ndivyo filamu hizi zinavyotaka zitazamwe. Mkimbizi anastahili huruma moja kwa moja. Mtoro, unamhurumia huku ukijua amekosa.

Wengine, kwa kukwepa kosa hilo, wanaandika "Wapenzi Majambazi". Si vibaya sana. Neno jambazi lina asili nzuri kuliko watu wanavyodhani. Ni la Kiajemi: jan ni roho, baz ni mchezaji, kwa hiyo janbaz ni mchezea roho yake, mfano mwanasarakasi anayetembea juu ya kamba. Waturuki wanalo pia, cambaz, na kwao ni mwanasarakasi na vilevile mchuuzi wa farasi na mifugo, kazi ambayo pengine kila nchi inaihesabu kuwa nusu ya utapeli. Iran ya leo janbaz ni askari aliyebaki na ulemavu wa vita, jina la heshima. Kwetu limeshuka hadi mtu mwenye bunduki mlangoni saa nane usiku.

Kwa asili yake ya Kiajemi, basi, lingewafaa sana wapenzi wetu, maana roho zao wanazichezea kweli. Lakini mtu wa Dar akisikia jambazi hawazi kamba ya sarakasi. Anawaza silaha, genge, mpango, na kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha ambalo kwa Kanuni ya Adhabu kifungo chake hakipungui miaka 30. Wahusika wengi wa filamu hizi hawafiki huko kwa ustadi. Hata Bonnie Parker na Clyde Barrow wenyewe waliingia maduka madogo na vituo vya mafuta kuliko benki, wakitoka na fedha za kuwafikisha mji wa pili. Kwa mapato tu, walikuwa karibu zaidi na kibaka.

Zaidi ya hapo, neno majambazi linakuelekeza kutazama wizi, na wizi si penyewe. Ushahidi mzuri ni filamu ya Joseph H. Lewis ya mwaka 1950, Gun Crazy. Wapenzi wawili waliovaa kichunga ng'ombe wanaendesha kwenda kupora benki. Kamera imewekwa kiti cha nyuma, na haitoki humo. Kwa zaidi ya dakika 3 bila kukatwa tunawaona visogo, tunawasikia wakihangaika kama watapata nafasi ya kuegesha. Mwanamume anashuka na kuingia benki. Sisi tunabaki garini. Askari anatokea kando ya barabara, mwanamke anashuka kumpiga porojo, anaisifu bastola yake, kisha anampiga. King'ora kinalia, mwanamume anarudi mbio, gari linaondoka, na mwanamke anageuka kutazama nyuma kama wanafuatwa. Fedha hatukuona zikichukuliwa, wala kaunta ya benki. Mwongozaji ametuweka pale hadithi ilipo, yaani ndani ya gari. Anayeiita hiyo filamu ya ujambazi amekaa mlango wa benki akisubiri kitu ambacho hakitaonyeshwa.

Mkanganyiko wa tatu unatokana na neno lenyewe sahihi. Toroka, torosha, toroshana. Kijana wa Mbagala akimtorosha binti wa watu wakaenda kujificha kwa shangazi Tanga, tunasema wametoroshana, na ni wapenzi, na ni watoro. Je, hiyo ni filamu ya aina hii? Hapana. Uliza swali moja tu: anayewatafuta ni nani, mjomba au mkuu wa polisi wa wilaya? Kama ni mjomba, kuna njia ya kurudi. Wazee watakaa, faini itatajwa, mahari itapandishwa kidogo kwa hasira, na jambo litakwisha barazani. Ni hadithi ya mapenzi na wakwe. Hata pale binti anapokuwa na umri mdogo na kesi ikaenda polisi, mkosaji ni aliyemtorosha peke yake, wala si wao wawili. Filamu ya wapenzi watoro inataka wote wawili wawe na hatia, na pasiwe na mzee yeyote duniani anayeweza kukaa kikao akalimaliza.

Kwa hiyo tukirudi kwa mshereheshaji wa Tabata. Bonnie hakuwa mke wa Clyde. Aliolewa mwaka 1926, kabla hajatimiza miaka 16, na mtu mwingine aitwaye Roy Thornton. Hawakuachana kisheria, na siku anauawa bado alikuwa amevaa pete ya huyo Thornton. Polisi waliwahesabia wawili hao na genge lao mauaji ya watu 13. Mwezi Juni 1933 gari lao lilipinduka Texas, Bonnie akaungua mguu vibaya, na tangu hapo mara nyingi alibebwa. Zile picha za madaha, amepachika sigara nene mdomoni na bastola kiunoni, zilitoka kwenye filamu ya kamera ambayo haikuwa imesafishwa, waliyoiacha walipokimbia nyumba ya Joplin, Missouri, Aprili 1933. Magazeti ndiyo yaliyozisambaza. Mtu anayemfananisha nao bibi harusi anamtakia nini hasa?

Tena wangekuwa wameoana, na ni hapa kwetu, kuna kitu wangefaidi. Kanuni yetu ya Adhabu haimhesabu mke aliyemficha mumewe kuwa msaidizi baada ya kosa, wala mume aliyemficha mkewe. Mchumba hana kinga hiyo. Mwandishi wa muswada wa filamu anayetafuta mgogoro wa Kitanzania angeanzia hapo: ndoa inafungwa haraka ili mtu apate haki ya kumficha mwenzake.

Maana kunakili Marekani hakutamsaidia. Kule filamu hizi zilizaliwa na mipaka ya majimbo. Polisi wa jimbo moja hakuwa na mamlaka jimbo la pili, hivyo ukivuka mstari umepumua. Hati ya shirikisho ya kuwakamata Bonnie na Clyde, Mei 1933, haikuwa hata ya mauaji, ilikuwa ya kuvusha gari la wizi kutoka jimbo hadi jimbo. Uporaji wa benki ulifanywa kosa la shirikisho Mei 1934, siku chache tu kabla hawajafa. Sisi Jeshi la Polisi ni moja. Ukitoka Pwani ukaingia Morogoro hujavuka chochote, simu ilishatangulia. Wakipanda basi, litaingia mizani ya magari ya Vigwaza na watakaa humo kama abiria wengine, wakisubiri. Muswada unaowapeleka watoro kwa gari la kasi hadi "mkoa mwingine" na kuwapumzisha hotelini umekosea hapohapo. Pumzi ya kweli iko mpakani, Tunduma au Namanga, na ni mbali.

Ila jambo moja halibadiliki popote, nalo linathibitisha kwamba hawa ni watoro. Mtoro anazunguka. Bonnie na Clyde waliendesha maelfu ya maili lakini walirudi mara kwa mara kuwaona wazazi wao Dallas Magharibi, na Frank Hamer, aliyepewa kazi ya kuwafuatilia, aliwasoma kwa mizunguko hiyo ya kwenda kwa ndugu. Asubuhi ya Mei 23, 1934, karibu na Gibsland, Louisiana, lori la baba wa mwenzao mmoja lilikuwa limesimamishwa kando ya barabara, tairi limefunguliwa kama limepata pancha. Clyde akapunguza mwendo kumtazama mzee wanayemfahamu. Vichakani walikuwa wamelala askari sita.

Kwa wenye laibrari, basi, ombi ni dogo. Watoro ina herufi sita, wakimbizi tisa; hata kwenye kibandiko cha fleshi nafasi itabaki. Na maharusi wa Tabata wanaweza kuitwa maharusi.