Wati za spika ni nini hasa?

Ukishika boksi la spika za kompyuta, kitu cha kwanza kinachokuvaa machoni ni namba: wati 300, wati 500, hata 1,000. Wengi wetu huisoma kama kipimo cha ukubwa wa sauti. Sivyo. Wati ni kipimo cha nguvu ya umeme, ile ile tunayoisoma kwenye balbu na pasi. Kwa spika, inaeleza umeme ambao amplifaya inaweza kuisukumia koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka na kutoa sauti. Sauti inayotoka ni habari nyingine.

Sikio halihesabu kama kalamu. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo utaitambua lakini haitakushtua. Ili msikilizaji aseme sauti imekuwa kubwa maradufu, inahitaji kupanda kwa takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo spika ya wati 20 na ya wati 40, mengine yote yakilingana, zimekaribiana kuliko namba zinavyoonyesha.

Namba yenyewe nayo imepimwaje? Ikifuatwa na herufi RMS, kwa kawaida ni nguvu ambayo mtambo unaweza kuitoa mfululizo bila kuchoka. Ikifuatwa na PMPO, iache ilivyo. Hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua, na hakuna kanuni moja inayokubalika ya kuipima, kwa hiyo kila mtengenezaji hujiandikia anavyopenda. Naona ni kumdanganya mnunuzi, hasa anayejinyima ili anunue kitu cha kudumu.

Ukweli huwa kwenye adapta. Spika zilizo mezani kwangu ziliandikwa wati 300 kwenye boksi. Nikageuza adapta yake, maandishi madogo yakasema volti 12, ampea 1.5. Zidisha: wati 18. Huo ndio umeme wote unaoingia, na sehemu yake hupotea kama joto kabla ya kugawanywa kwa spika mbili. Zile zinazochomekwa kwenye tundu la USB pekee huwa chini zaidi: tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5.

Lakini wati hizo chache zisikuvunje moyo. Tafuta kwenye maelezo namba ya unyeti, yaani desibeli zinazosikika umbali wa mita 1 spika ikipewa wati 1. Tuseme ni 85. Mazungumzo ya kawaida huwa kama desibeli 60, kwa hiyo wati moja tu tayari inayapita mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80. Ikifika 90, saa hizo hushuka hadi 4. Na mtu wa kompyuta hakai mita 3 kutoka kwenye spika. Anakaa karibu, pengine mkono unazifikia. Wati 10 za kweli zinamtosha na kubaki.

Ndiyo maana mimi ningetazama ukubwa wa koni na uzito wa kasha kabla ya wati. Koni ndogo ndani ya plastiki nyepesi haitatoa besi ya maana hata uipe umeme kiasi gani, itakwaruza tu.

Halafu jinsi unavyozipanga. Spika iliyosukumwa kwenye kona huvimbisha besi mpaka maneno yanamezwa, kwa hiyo isogeze mbele, mbali na ukuta. Umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila moja hadi kichwani pako. Koni ndogo za sauti nyembamba zielekee masikio. Zikiwa chini sana, inua spika kwa kitabu kinene au zilaze kidogo kwa nyuma. Fanya hivyo wimbo ukiwa unapiga, na utasikia sauti ya mwimbaji ikihamia katikati, pale kilipo kioo.