Kuvaa uhusika hakupimwi kwa machozi

Kila inapotoka filamu ya ukatili wa nyumbani, sifa zinazomwagwa ni zile zile: "Yule dada kavaa uhusika, kalia mpaka makamasi." Au kuhusu aliyecheza mume: "Kofi lile la kweli, ndiyo uigizaji huo." Machozi yanaweza kuwa mazuri na kofi likatisha. Tatizo ni kuyaita hayo kuvaa uhusika.

Kuvaa uhusika ni mwigizaji kukifuata anachokitaka mhusika, ndani ya mazingira ya mhusika, hadi mtazamaji asahau kuwa kuna mtu anafanya kazi mbele ya kamera. Uzito wote uko kwenye hilo neno "anachokitaka". Mume mkatili kwenye skripti hataki kuwa mkatili. Anataka kujua nani alipiga simu, anataka aombwe radhi, anataka asidharauliwe mbele ya rafiki zake. Mwigizaji anayecheza ukatili wenyewe atakunja uso tangu sini (onyesho) ya kwanza, na ikifika dakika ya arobaini hana tena pa kuupandisha. Anayecheza dai anaweza kuongea kwa upole na bado ukumbi mzima ukanyamaza.

Filamu ya Kifaransa ya Xavier Legrand, Jusqu'à la garde, iliyompa tuzo ya Simba wa Fedha ya uongozaji kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2017, inalionyesha hilo vizuri. Denis Ménochet anamcheza baba anayempakia mwanawe kwenye gari akitaka kujua mama mtu amehamia wapi. Hakuna muziki wa kututisha, kinacholia ni kengele ya mkanda wa gari. Baba anauliza, mtoto anadanganya, baba anauliza tena. Ménochet anamcheza mtu anayeamini kwa dhati kwamba yeye ndiye aliyeonewa, na baadaye kwenye filamu hiyo hiyo analia mikononi mwa mwanamke aliyemkimbia, akidai amebadilika. Kilio kile kinaogofya kwa sababu kina kazi: kinataka mlango ufunguliwe.

Kwa anayepigwa ni vivyo hivyo. Mama kwenye sini ya namna hii mara nyingi hataki kulia. Anataka watoto wasiamke, anataka jirani asisikie, anataka usiku uishe. Machozi yakimtoka, yatoke yakiwa yamezuiwa kwanza. Kathy Burke, ambaye Waingereza walimzoea kwenye vichekesho vya televisheni, alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1997 kwa kumcheza Valerie katika Nil by Mouth ya Gary Oldman. Baada ya kipigo, Valerie, uso umevimba, anamwambia mama yake kwamba amegongwa na gari. Uongo ule ndio uigizaji wa kutazama: anakusudia kumlinda mama yake na ukweli, na juhudi hiyo inaonekana.

Sasa tuje kwenye hili linalosumbua zaidi, imani kwamba mwigizaji lazima aumie kweli. Asili yake ni nusu ya somo la Konstantin Stanislavski, mwongozaji na mwalimu wa uigizaji wa Moscow (1863–1938). Katika kazi zake za awali alitumia sana kumbukumbu ya hisia, mwigizaji akichimba jambo lililomtokea mwenyewe. New York, mwalimu wa uigizaji Lee Strasberg aliishika nusu hiyo na kuifanya uti wa mgongo wa mafunzo yake. Lakini mwaka 1934 mwigizaji Stella Adler alikutana na Stanislavski mjini Paris, akarudi Marekani na habari kwamba mwalimu mwenyewe anasisitiza mazingira ya mhusika na matendo yake, wala si majeraha ya mwigizaji. Yeye na Strasberg hawakupatana tena juu ya hilo. Huku kwetu, nusu ya Strasberg ndiyo iliyosambaa, tena ikiwa imepungua zaidi: mtu akumbuke msiba, alie, kamera irekodi. Mwigizaji anayemlilia marehemu wake wakati mhusika anamwogopa mumewe yuko kwenye filamu nyingine.

Kofi nalo lina ufundi wake. Kamera hukaa nyuma ya bega la mmoja wao, ili lenzi, mkono na uso vikae kwenye mstari mmoja. Mkono hupita mbele ya uso ukiacha nafasi ya shubiri moja au zaidi, na lenzi ndefu ya kuvuta mbali, mm 85 kwenda juu, huifanya nafasi hiyo isionekane. Anayepigwa ndiye anayeongoza, kwa kutoa ishara ya macho kwamba yuko tayari. Kichwa chake kinageuka mkono unapopita; akigeuka mapema, kofi limekufa. Sauti huongezwa wakati wa kuhariri. Kofi la kweli huharibu kazi: kufikia teki ya tatu, yaani sini ikirekodiwa mara ya tatu, shavu ni jekundu na halilingani tena na teki ya kwanza, na anayepigwa ameanza kufumba macho kabla mkono haujafika. Hapo anawaza shavu lake, mhusika ameondoka.

Mwili pia una kalenda. Sini hazirekodiwi kwa mfuatano wa hadithi, hivyo mwigizaji na mtu wa mekapu wakubaliane leo ni siku ya ngapi tangu kipigo. Alama huanza nyekundu, hugeuka zambarau, kisha kijani na manjano, na kwa kawaida hufifia ndani ya wiki mbili hivi. Mwenye ubavu unaouma hakai kitini siku ya pili kama anavyokaa siku ya kumi. Waongozaji wengi huanza na picha pana. Kwenye sini nzito ni heri kuanza na picha ya uso, kabla nguvu hazijaisha. Na ikitangazwa "kata", wawili wale waitane majina yao halisi, waondoe mekapu, waende kula. Kama kuna mtoto, sehemu yake irekodiwe peke yake, naye asikae kusikiliza matusi asiyohitaji kuyasikia.

Kwa hiyo dada aliyelia vizuri tumwambie amelia vizuri. Si sifa ndogo. Kulia teki baada ya teki kunataka mazoezi. Kuhusu kuvaa uhusika, rudisha filamu nyuma hadi sini ambayo mume yuko kazini na hakuna anayempigia mtu kelele, uone kama bado ni mke yule yule anayepima kila neno kabla ya kulisema. Kama hayupo, sifa hiyo tumwekee filamu yake ijayo.