Mshahara wa Moroni, hesabu ya Kigoma

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ujiji alikuja ofisini kwangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, na mkataba mkononi. Amepata kazi ya kufundisha Kiingereza Moroni, Visiwa vya Komoro, kwa miaka miwili. Mshahara umeandikwa faranga 250,000 kwa mwezi. Akauweka mezani, akaulaza kwa kiganja, akaniuliza, "Dada, nipigie hesabu. Hizi pesa ni nyingi au ni kidogo?"

Mimi ni mhasibu. Kabla ya kurudi nyumbani nilikaa Moroni miaka minne nikifunga hesabu za kampuni iliyoagiza bidhaa kutoka nje. Mfuko wa unga au katoni ya maziwa nilikuwa naiona kwenye ankara ya ununuzi, kisha kwenye nauli ya meli, ushuru na malipo ya vibarua, hadi naikuta rafuni ikiwa na bei ambayo mgeni akiisoma anatikisa kichwa. Kwa hiyo swali la kijana yule nalijibu kwa urefu, maana si yeye peke yake anayeniuliza. Watu wa Kigoma tunatafutwa huko kwa sababu wengi wetu tumekua na Kifaransa cha majirani wa Kongo na Burundi.

Tuanze na sarafu. Kwetu neno faranga linaleta picha ya noti za Burundi au za Kongo, na akili inashusha thamani papo hapo. Faranga ya Komoro ni pesa nyingine kabisa. Imefungwa kwenye euro kwa kiwango kisichobadilika: euro 1 ni faranga 491.97. Mshahara wa 250,000 basi ni kama euro 508, leo na mwakani. Kinachocheza ni shilingi yetu dhidi ya euro. Kwa miaka hii ya karibuni faranga moja ya Komoro imekuwa ikizunguka kwenye shilingi tano hadi sita. Ukipiga kwa sita unapata kama milioni moja na nusu, na hapo ndipo wengi wanapofunga kikokotoo na kuanza kushangilia. Wasifunge bado. Na jambo moja la kukumbuka: faranga za Burundi utazibadilisha hapa mjini bila shida, za Komoro usizibebe ukirudi likizo. Badilisha kuwa euro hukohuko. Exim, benki ya hapa nyumbani, ina benki yake Komoro, na waliotangulia wengi huulizia huko kwanza.

Sasa gharama zenyewe. Sitakuandikia orodha ya bei, kwa sababu bei ya nyanya ya mwezi huu haitakusaidia mwezi ujao. Nitakuonyesha bei inavyotengenezwa.

Mtu wa Kigoma ana faida hapa, kwa kuwa tumezoea kuishi mwisho wa reli. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanapotoa bei kikomo za mafuta, tunaona kwa macho yetu: lita ya petroli ya Kigoma ni ghali kuliko ya Dar es Salaam, kwa sababu bei inahesabu na safari ya lori. Komoro ni hivyo hivyo, ila safari yenyewe ni ya baharini na inakatika katikati. Maji ya bandari ya Moroni ni ya kina kifupi. Meli kubwa hutia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya mizigo, matishari yakauleta ufukoni. Kila kontena linabebwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Bahari ikichafuka, meli inasubiri, na siku za kusubiri nazo zinalipiwa. Gharama hiyo yote inaishia kwa anayenunua sabuni. Bandari yenye kina iko Mutsamudu, lakini hicho ni kisiwa kingine, Nzwani, wakati wewe utakuwa Ngazidja, kisiwa chenye Moroni.

Ndiyo maana kila mtu ninayemtengenezea bajeti namwambia achore mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aandike kilichozaliwa kisiwani, upande wa pili kilichokuja na meli. Ndizi mbichi, muhogo, kisamvu, nazi, shelisheli, embe na samaki viko upande wa kwanza. Mchele, unga wa ngano, maziwa, mafuta ya kula, sukari, saruji, dizeli na karibu kila kilichofungwa kwa plastiki viko upande wa pili. Mchele wa kawaida una ahueni, kwa sababu huagizwa na shirika la serikali na bei yake hupangwa. Ukienda soko la Volovolo utakutana pia na vitunguu na viazi mviringo vilivyosafiri kutoka Tanzania, na ng'ombe na mbuzi wetu wanavuka bahari ile ile. Nilikuwa nikishika kitunguu cha nyumbani nikilipia na nauli yake. Muuzaji akipokea pesa atakuambia "marahaba", na hiyo ndiyo asante yao.

Kuna kitu kimoja kinachowashangaza wageni: kuku. Chakula cha jioni cha mitaani Moroni ni mabawa, yaani mabawa ya kuku hasa, yanayochomwa kwenye mkaa na kuliwa na pilipili yao iitwayo putu. Utamu wake nausikia hadi leo. Lakini kuku yule hakutoka bandani kwa jirani. Amekuja amegandishwa ndani ya kontena kutoka mbali, na hata hivyo mara nyingi ni nafuu kuliko kuku wa kienyeji. Mstari wetu wa kisiwani na melini haukuambii tu kipi ghali. Unakuambia kipi kitapotea dukani meli ikichelewa.

Samaki nao wana kalenda. Sisi tunajua kwamba mbalamwezi ikiwa kamili dagaa wanaadimika kwenye mialo yetu ya Katonga na Kibirizi, na mwaka 2024 tulionja Ziwa Tanganyika kufungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Komoro mwenye amri ni upepo. Kusi ikivuma, kati ya Juni na Septemba, wavuvi wengi wa ngalawa hawatoki kila siku, na jodari aliyekuwa wa bei ya kawaida mwezi Machi anakuwa wa kugombaniwa. Kwenye bajeti ya chakula weka miezi hiyo peke yake, na kiasi chake kiwe kikubwa. Usichukue wastani wa mwaka ukaridhika.

Nikae kidogo kwenye nyumba, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia.

Ngazidja ni mlima wa volkano, Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, na jiwe lake linanyonya maji kama sifongo. Mvua inanyesha kweli kweli, lakini kisiwa hakina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Nyumba nyingi zinaishi kwa maji ya mvua: bati linapokea, mfereji unashusha kwenye tangi la saruji lililojengwa chini au kando ya nyumba, na humo mnachota mpaka kaskazi irudi na mvua. Mimi nilifika Februari, mvua zimeshamiri, bomba linatoa, bustani ya mwenye nyumba imenona. Nilikagua madirisha, vitasa na sakafu. Tangi sikuliuliza. Kumbe lilikuwa na ufa upande wa barabarani, na mwenye nyumba alikuwa analijua.

Mwezi wa saba asubuhi moja nilitumbukiza ndoo nikasikia imegonga sakafu. Nikawasha tochi ya simu: tope la kijivu, majani mawili ya mwembe, na alama ya maji ukutani ikiwa chini ya goti langu. Kuanzia siku hiyo mpaka Novemba niliishi kwa kununua maji ya boza. Boza halikuletei ndoo tatu, linakuletea mzigo mzima, na nusu ya kila mzigo ilitokomea kwenye ule ufa usiku. Daftari langu la mwaka ule ninalo bado. Kati ya Julai na Novemba maji yalinigharimu zaidi ya theluthi moja ya kodi ya nyumba. Kodi yenyewe nilikuwa nimeipigania nikapunguziwa, na nilikuwa najisifu kwa hilo.

Kwa hiyo kodi ya Moroni usiisome peke yake. Nyumba ya bei ya juu yenye tangi zima, kubwa, lenye mfuniko inaweza kuwa rahisi kuliko ya bei poa yenye tangi bovu. Uliza ukubwa wake, uliza limezibwa lini, na omba ushuke ulitazame.

Umeme unategemea zaidi mitambo ya dizeli, na dizeli iko upande wa meli. Kigoma tulikuwa hivyo hadi tulipoungwa kwenye gridi ya Taifa mwaka 2022, ila sisi uniti tuliinunua kwa bei ile ile ya nchi nzima, hivyo maumivu hayakufika jikoni moja kwa moja. Huko panga kukatika kwa umeme. Usijaze friji nyama ya mwezi. Nunua ya siku mbili, na tenga pesa ya taa za sola mwezi wa kwanza kabla ya kununua televisheni.

Halafu kuna Julai na Agosti. Wakomoro waishio Ufaransa hurudi likizo, na ndiyo misimu ya harusi kubwa, ile wanayoiita ada. Teksi, nyama, vyumba na tiketi za ndege, vyote vinapanda pamoja. Na wewe jirani utaalikwa. Watu wale wana ukarimu ambao sijauona kwingine, na si vizuri kwenda mikono mitupu. Sisi tumelelewa na kamati za michango, kwa hiyo liandike kama fungu la kudumu: mchango. Asiyeliandika hulitoa kwenye pesa ya chakula.

Gari sahau. Wao hupita kulia, teksi za kuchangia zimejaa mjini, na vipuri vinakuja kwa meli. Shule za watoto ni za Kifaransa, kwa hiyo mwenye familia aulize mwajiri analipa nini kabla ya kusaini. Tiba ndogo utaipata. Kwa ugonjwa mkubwa hata Wakomoro wenyewe huja Dar es Salaam, hivyo nauli moja ya kurudi ikae benki muda wote, isiguswe hata kwa harusi.

Kwenye begi weka dagaa wa Kigoma waliokauka vizuri, wepesi kubeba na wazito kwa thamani. Unga wa muhogo usijaze begi. Muhogo uko tele, ila wao huula wa kuchemsha. Mimi nilikuwa naukatakata, nauanika juu ya paa, nausaga, na jirani zangu wakija wanauonja ugali wetu kwa dagaa hadi sufuria inabaki nyeupe.

Tulipomaliza, kijana wa Ujiji alikuwa na kurasa tatu. Kwa hesabu yetu, akiishi kwa upande wa kisiwani zaidi kuliko wa meli, atabakiwa na kama robo ya mshahara miezi mingi, na chini ya hapo kuanzia Juni hadi Septemba. Nimemshauri aombe mwajiri aongeze posho ya nyumba, kwa kuwa hapo ndipo mkataba wake ulipo mwembamba.

Jana amenitumia picha kutoka kwa mtu anayemtafutia nyumba: tangi, mfuniko umefunguliwa, maji yako chini ya ngazi ya pili. Nimemjibu aulize lina mita ngapi kwenda chini, na mvua ya mwisho ilinyesha lini.